Kisiwa cha Boblo: Bustani Iliyoishi kwa Meli

Mkazi anayetegemea feri ya Likoni hahitaji kuelezwa jinsi shughuli zinavyokwama siku feri isipovuka. Kisiwa cha Boblo, kilicho upande wa Kanada katika mto Detroit, kiliijua hali hiyo kwa miaka 95.

Wafaransa walikiita Bois Blanc, yaani mti mweupe. Wasemaji wa Kiingereza wakalikatakata jina hadi likawa Boblo. Bustani ya burudani ilifunguliwa hapo mwaka 1898. Wateja wake wengi walitoka Detroit, jiji la Marekani lililo kilomita 29 hivi juu ya mto. Walibebwa na meli mbili za mvuke, Columbia ya mwaka 1902 na Ste. Claire ya mwaka 1910, kila moja ikichukua zaidi ya abiria 2,500. Melini kulikuwa na muziki na dansi, hivyo starehe ilianza kabla ya kufika. Kisiwani kulikuwa na bembea, treni ndogo na ukumbi mkubwa wa dansi.

Lakini si kila mtu aliruhusiwa kupanda. Juni 1945, Sarah Elizabeth Ray, karani kijana Mmarekani Mweusi, alikwenda na wenzake kusherehekea kuhitimu masomo. Alikuwa na tiketi, ila aliteremshwa melini kwa sababu ya rangi yake. Alishtaki. Kampuni ilitozwa faini ya dola 25, ikakata rufaa ikidai kwamba safari ya kwenda nchi nyingine haihusiki na sheria ya jimbo la Michigan. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa hoja hiyo. Dola 25 si kitu. Uzito ulikuwa katika uamuzi.

Anguko lilikuja polepole. Barabara ziliboreshwa, na bustani kubwa kama Cedar Point katika jimbo la Ohio zikawa zinafikika kwa gari la familia. Boblo ilibaki na meli kuukuu zilizogharimu pesa nyingi kuzitunza, na umiliki ukabadilika mara kwa mara. Septemba 1991 Columbia na Ste. Claire zilifanya safari zao za mwisho. Vivuko vidogo viliendelea kuwavusha watu, ila safari yenyewe, ambayo kwa wengi ndiyo ilikuwa nusu ya raha, haikuwepo tena. Bustani ilimaliza misimu miwili tu, ikafungwa Septemba 1993, na mitambo yake ikapigwa mnada.

Columbia ilivutwa hadi Buffalo mwaka 2015 ili ikarabatiwe. Ste. Claire iliteketea kwa moto mwaka 2018. Kisiwani sasa kuna nyumba za kuishi, na feri ndogo kutoka mji wa Amherstburg huwavusha wenyeji wake.