Kiwavi wa mahindi anapita udongoni: tuangalie chini kabla ya kukata pori ingine

Fungua moyo wa muhindi wenye wiki tatu, pale katikati majani mapya yanapotokea. Ukikuta uchafu kama unga wa mbao uliolowa, na majani yametobolewa-tobolewa, ujue mgeni yuko ndani. Mutoe, muangalie kichwa: kuna alama nyeupe kama herufi Y iliyopinduliwa. Karibu na mkia kuna madoa manne meusi, yamekaa kama miguu ya meza. Huyu si ndugu ya viwavi ambao wamama wanaokota porini na kuuza sokoni. Ni kiwavi jeshi vamizi, na wakulima wengi wa Congo wamekwisha kumjua kwa hasara.

Kwao ni Amerika. Afrika alitangazwa mwanzo wa mwaka 2016, huko Nigeria, Benin, Togo na São Tomé. Ilipofika 2017 alikuwa amekwisha kuingia Congo na inchi nyingi za jirani. Mwaka 2018 yuko India. Januari 2019 China ilithibitisha kwamba ameingia jimbo la Yunnan, na kabla mwaka huo kuisha alikuwa katika majimbo 26 ya inchi ile. Mama yake ni kipepeo wa usiku, rangi ya majivu, na upepo ukimusaidia anaweza kuruka kilometa 100 kwa usiku mmoja. Ni kusema usiku mbili zinatosha kutoka Kasongo hadi Kabambare, bila kulipa pikipiki.

Mukulima akipoteza mahindi, mara nyingi anasema shamba limechoka. Mwaka unaofuata anachukua panga na shoka, anaingia mbele zaidi porini, anakata, anachoma, anapanda. Tunamuelewa, watoto wanataka kula. Lakini ni vizuri kujua jambo moja ambalo kwa macho halionekani: kiwavi huyu hakai juu ya muhindi maisha yake yote.

Kipepeo jike anataga mayai mia moja na zaidi kwa fungu moja, anayafunika na manyoya kidogo, na katika maisha yake anaweza kufika mayai elfu moja mia tano au zaidi. Siku mbili tatu yanaanguliwa. Kiwavi anakula wiki mbili hadi tatu, akiwa mkubwa anajificha ndani ya moyo wa muhindi ambako dawa haifiki. Kisha anashuka. Anaingia udongoni, sentimeta mbili hadi nane hivi, anajifungia ndani ya gamba la rangi ya kahawia na kulala pale. Kwa joto letu anamaliza siku nane au tisa, anatoka ni kipepeo. Mwezi mmoja hivi, mzunguko umekamilika.

Kwa hiyo kuna siku nane ambazo adui yako hawezi kukimbia. Yuko chini ya miguu yako. Nani anamukuta kule? Chungu, siafu, wadudu wenye gamba gumu wanaowinda usiku, na kuvu. Kuna kuvu za udongo ambazo kazi yao ni kuua wadudu: mbegu yake inagusa ngozi ya kiwavi, inatoboa, inamea ndani mpaka anakauka na kufunikwa na unga mweupe au wa kijani. Udongo wenye majani yaliyooza na kivuli unazihifadhi. Udongo uliochomwa na kubaki wazi juani unazipunguza.

Wachina wanalijua hili kwa njia ngumu. Kusini mwa inchi yao, fasi kubwa zilizokuwa na misitu ya asili zilipandwa msunobari peke yake, mti mmoja ule ule kilima baada ya kilima. Viwavi vya msunobari vikapata karamu. Tangu miaka ya 1970 walianza kukuza kuvu moja inayoitwa Beauveria na kuimwaga juu ya misitu hiyo, eneo kubwa sana. Inasaidia. Lakini walijifunza pia kwamba pale miti ilipochanganyika, viwavi havilipuki vile. Mwaka 2009 na 2010 watafiti walipanda shamba kubwa la majaribio katika jimbo la Jiangxi: vipande vingine mti wa aina moja, vingine aina mbili, nne, hadi 24. Baada ya miaka minane, vipande vya aina 16 vilikuwa vimejenga kaboni, maana yake mwili wa mti, zaidi ya mara mbili ya wastani wa vile vya aina moja.

Na kuna habari ya zamani zaidi, ambayo mimi binafsi ninaipenda kuliko zote. Kitabu cha China cha mwaka 304 kinaeleza jinsi watu wa kusini walivyouza sokoni viota vya chungu wekundu, pamoja na tawi lake, ili mwenye michungwa avitundike kwenye miti yake chungu wale wadudu waharibifu. Ndugu za chungu hao wako kwetu: wale wanaoshona majani kuwa nyumba juu ya muti na kuuma bila huruma. Zanzibar, miaka ya 1950, watafiti waliona kwamba minazi yenye chungu hao inabaki na nazi, na ile isiyo nao inaangusha nazi changa kwa sababu ya mdudu anayezifyonza. Kwetu tukikuta kiota chao karibu na shamba, kitu cha kwanza ni moto.

Turudi kwenye pori letu. Kusini mwa Maniema, msitu na savana vinapishana. Udongo wa msitu unaonekana tajiri, lakini utajiri wake mwingi uko ndani ya miti yenyewe na katika ile ngozi nyembamba ya juu yenye majani. Ukichoma, majivu yanatoa chakula kwa mara moja, na mavuno ya kwanza ni mazuri: mupunga unasimama, mahindi yanabeba. Kisha mvua inaosha. Mwaka wa pili wa tatu magugu yanakuja, mavuno yanashuka. Kwa kiwavi, pori jipya halikupi kinga. Moto hauwezi kumuzuia kipepeo anayetoka kilometa mia, na anapofika anakuta wale waliozoea kumuwinda wameungua. Zamani shamba lilipumzika miaka mingi na pori likarudi. Siku hizi, watu wanapokimbia vita na kurudi, wanapolima karibu na barabara kwa kuogopa kwenda mbali, mapumziko hayo yamekuwa mafupi.

Basi nini kifanyike na mahindi ya msimu huu? Huko Kenya, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kimetengeneza njia ya kupanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi, na majani ya ngombe pembeni. Harufu ya desmodiamu inafukuza kipepeo, majani ya pembeni yanamuita. Utafiti uliotoka 2018, uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania, ulikuta viwavi vimepungua kwa asilimia 82.7 kwa kila muhindi. Si kila mtu atapata mbegu hiyo. Lakini Uganda walijaribu pia maharagwe, soya na karanga kati ya mahindi, na viwavi vilipungua, hasa muhindi ukiwa bado mudogo, ingawa si sana kama kwa desmodiamu. Karanga tunazo.

Si kila mchanganyiko ni mzuri. Zimbabwe, utafiti wa 2019 ulikuta mashamba yenye maboga kati ya mahindi yalishambuliwa zaidi. Yale yaliyopaliliwa mara nyingi, na yale ambayo udongo haukupinduliwa sana, yalipata nafuu. Utafiti huo pia ulitoa hesabu ya kutuliza moyo: hasara ilikuwa karibu asilimia 12 ya mavuno, wakati wakulima wa Ghana na Zambia, walipoulizwa 2017, walikuwa wakisema asilimia 40 na zaidi. Muhindi ulioliwa majani unaweza kutisha macho na bado ukabeba.

Kazi ya mikono inabaki ya kwanza. Siku 40 za mwanzo, pita shambani mara mbili kwa wiki, ponda mafungu ya mayai chini ya majani, ponda viwavi vidogo. Wakulima wa Amerika ya kati wanatia mchanga, majivu au udongo kidogo ndani ya moyo wa muhindi. Wengine wanamwaga maji ya sukari au mchuzi wa samaki ili chungu wapande juu. Na ukikuta kiwavi amekufa mwenyewe, amelainika ananing'inia, au amekauka na unga juu yake, usimutupe: anaumwa, na ugonjwa wake ni dawa yako. Saga kadhaa kama hao ndani ya maji, chuja, nyunyizia ndani ya mioyo ya mahindi mengine. Nawa mikono kisha.

Sumu za dukani, hasa zile zinazouzwa kwa kipimo cha kofia ya chupa bila karatasi, zinaua chungu kabla ya kiwavi aliyejificha, na mvua inazipeleka mtoni, samaki wanakufa. Anayelazimika kuitumia amuulize kwanza agronomu wa sekta jina la sumu, kipimo chake, na siku ngapi zipite kabla ya kuvuna.

Kwa anayetaka kuona mwenyewe: chukua jembe, chimba polepole sentimeta nane chini ya muhindi ulioliwa sana, pekua udongo kwa vidole, uhesabu magamba ya kahawia. Kisha fanya hivyo chini ya muhindi ulioliwa vile vile lakini wenye majani makavu yaliyotandikwa, karibu na ukingo wa pori. Angalia ni wangapi wazima, wangapi watupu, na nani mwingine anatembea mule.