Hojaji, Mjadala na Methali: Zana za Kuchunguza Mitazamo ya Jamii kuhusu Jenetiki

Utangulizi

Jenetiki ni taaluma inayochunguza jinsi sifa za viumbe zinavyorithishwa kutoka kizazi hadi kizazi. Aghalabu sisi wanafunzi wa Kiswahili huiachia maabara taaluma hii. Hata hivyo, pindi mtafiti anapotoka maabarani na kumuuliza mzazi maoni yake kuhusu kupimwa kwa damu ya mwanawe, chombo anachokitumia si darubini tena bali ni lugha. Makala haya yanadhamiria kueleza zana tatu za kuchunguza mitazamo ya kijamii na kimaadili kuhusu jenetiki. Mfano wetu mkuu ni ugonjwa wa selimundu.

Mtoto huugua selimundu anaporithi jeni ya ugonjwa huo kutoka kwa baba na vilevile kwa mama. Mzazi mwenye jeni moja tu kwa kawaida huwa mzima. Ikiwa wazazi wote wawili wana jeni moja moja, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuzaa mtoto mgonjwa. Mwaka 1954, Anthony Allison, mwanasayansi aliyelelewa Kenya, alichapisha ushahidi kwamba jeni hiyo ikiwa moja humkinga mtu dhidi ya malaria. Ndiyo sababu imeenea zaidi katika maeneo yenye malaria, kama vile pwani na kandokando ya Ziwa Victoria.

Hojaji

Hojaji humpa mhojiwa kauli, naye huonyesha kiwango chake cha kukubaliana nazo, kwa kufuata mizani iliyoasisiwa na Rensis Likert mwaka 1932. Barani Ulaya, tafiti za Eurobarometer zilianza kupima maoni ya umma kuhusu bioteknolojia mwaka 1991. Mojawapo ya kauli zilizowahi kutumiwa hudai kwamba nyanya za kawaida hazina jeni, ilhali zilizobadilishwa kijenetiki zinazo. Kauli hiyo si ya kweli, inapima maarifa. Lakini maarifa na mtazamo ni mambo mawili. Mkulima anaweza kujua fika kwamba kila nyanya ina jeni, na bado akapinga kubadilishwa kwake kwa sababu ya imani au ya haki yake juu ya mbegu. Hojaji isiyotenganisha mambo haya humfanya kila mpinzani aonekane mjinga.

Tatizo la pili ni tafsiri. Mwaka 1970, Richard Brislin alifafanua mbinu ya tafsiri rejeshi, ambapo hojaji iliyotafsiriwa hurudishwa katika lugha chanzi na mtu mwingine, kisha matini mbili hulinganishwa. Mwandishi wa makala haya aliwahi kusaidia kutafsiri hojaji kuhusu selimundu. Mtu mwenye jeni moja tulimwita “mbebaji wa ugonjwa”. Tafsiri rejeshi haikuonyesha kasoro yoyote. Katika majaribio, mama mmoja alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, “Kumbe mimi ndiye niliyemletea mwanangu?” Neno letu lilikuwa limemtia hatiani, ilhali baba alichangia sawa naye. Tulilifuta na kuandika: “mtu mwenye jeni moja ya selimundu, ambaye si mgonjwa wala hamwambukizi mwingine”. Funzo ni kwamba tafsiri rejeshi hupima ulinganifu wa maneno, si yale anayoyasikia mhojiwa. Yafaa mhojiwa aombwe kueleza swali kwa maneno yake mwenyewe kabla ya kulijibu.

Mjadala na Mahojiano

Watafiti wa mpango wa KEMRI na Wellcome Trust, ulioanzishwa Kilifi mwaka 1989, wamewahi kutumia majadiliano ya vikundi vidogo kuwauliza wakazi iwapo wazazi waarifiwe kuhusu matokeo ya vipimo vya selimundu. Swali hili ni zito, kwani kipimo chaweza kufichua kwamba mume siye baba mzazi. Kikundi humwezesha mtafiti kusikia hoja zikipimana. Lakini mkazamwana hawezi kusema yote mbele ya mavyaa wake. Hapo mahojiano ya faragha hufaa zaidi, hasa yakitumia kisa cha kubuni: mhojiwa humzungumzia mhusika, naye asijianike.

Methali

Zana ya tatu imo mikononi mwetu. Jamii ilikuwa na falsafa ya urithi kabla ya neno “jeni” kuingia kamusini. “Mtoto wa nyoka ni nyoka” husisitiza nasaba. “Mwana umleavyo ndivyo akuavyo” husisitiza malezi. Mtafiti anaweza kuwasilisha methali zote mbili na kuuliza kila moja yafaa lini. Jibu litadhihirisha iwapo mhojiwa anauona ugonjwa wa kurithi kuwa ajali ya maumbile au doa la ukoo. Tahadhari ni moja: methali huongoza mawazo, kwa hivyo zisitangulizwe kabla ya maswali mengine.

Hitimisho

Nchini Kenya, mtafiti huhitaji idhini ya kamati ya maadili na kibali cha NACOSTI, pamoja na ridhaa ya mhojiwa. Hata hivyo, habari za jeni ni za ukoo mzima: anayeridhia ni mmoja, wanaoguswa ni wengi. Ridhaa ya kweli hupatikana tu pale swali linapoeleweka. Kwa hivyo, mwanaisimu na mwanafasihi wasiitwe mwishoni kusahihisha sarufi ya hojaji; wawepo tangu swali la kwanza linapotungwa.