Bundi wa kioo na jina la Sumbawanga

KATIKA nchi kama Marekani, vioo vya rangi vyenye picha za popo, bundi na mafuvu hutundikwa madirishani kuelekea Oktoba 31, siku ya Halloween. Fundi hukata vipande kwa kufuata mchoro, huvizungushia utepe wa shaba, kisha huviunga kwa kulehemu kwa bati lililochanganywa na risasi. Mabaki ya risasi ni sumu, hasa kwa watoto.

Sumbawanga, mji ambao jina lake hufasiriwa kuwa “tupa uchawi”, bundi dirishani si mzaha. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 inakataza kumtaja mtu kuwa mchawi, lakini minong’ono ya majirani haisubiri sheria. Anayejifunza ufundi huu huko heri aanze na boga, ambalo Ufipa ni chakula tu.