Kiswahili katika Historia ya Kompyuta Chuo Kikuu cha Dar es Salaam

Historia ya taaluma ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam husimuliwa zaidi kwa kutaja mashine, idara na majengo. Wanaisimu wana haki ya kuuliza swali jingine: katika historia hiyo, Kiswahili kilikuwa wapi?

Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, miaka minne baada ya Chuo kuanza kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Mashine za Wizara hiyo zilileta matatizo katika kazi za uhasibu, na zilikula fedha nyingi za kigeni. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Hivyo basi, Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ilipotoka mwaka 1981, kompyuta ilikuwa bado kifaa adimu. Baada ya marufuku kuondolewa mambo yalikwenda kwa kasi: Kituo cha Kompyuta cha Chuo kiligeuzwa kuwa kampuni inayomilikiwa na Chuo mwaka 1999, na baadaye taaluma yenyewe ikapata ndaki yake, Ndaki ya TEHAMA, huko Kijitonyama.

Wakati huohuo, kazi nzito ya kuifundisha kompyuta sarufi ya Kiswahili ilikuwa ikifanyika Helsinki. Arvi Hurskainen aliianza mwaka 1985, akitumia nadharia ya mofolojia ya ngazi mbili iliyotolewa na Kimmo Koskenniemi mwaka 1983. Sababu ya kuhitaji nadharia ni rahisi kuielewa. Neno *hawatatuandikia* lina viambishi vya ukanushi, nafsi, njeo na yambwa, kisha mzizi, kauli ya kutendea na kiishio. Kitenzi kimoja huzaa maelfu ya maumbo ya namna hiyo, na hakuna orodha ya maneno inayoweza kuyamaliza. Ni lazima kompyuta ijue kanuni. Dar es Salaam haikuwa mtazamaji tu, kwani kati ya mwaka 1988 na 1992 TUKI ilishirikiana na Helsinki kukusanya data za lahaja. Hata hivyo, ushirika huo ulikuwa wa wanaisimu. Wanakompyuta wa Chuo hawakuwa nguzo yake.

Zamu yao ilifika na mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo pamoja na washirika kutoka Uswidi, ambao mwaka 2004 ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye maelezo ya Kiswahili. Mijadala kuhusu kazi za aina hii hupenda kushikilia msamiati: *kompyuta*, *tarakilishi* au *ngamizi*? Mjadala huo una utamu wake, lakini si hapo penye ugumu mkubwa. Ugumu umo katika ngeli. Mtunzi wa programu huandika ujumbe mmoja wenye pengo mahali pa nomino, na programu hulijaza pengo hilo mtumiaji anapofanya kazi. Katika Kiingereza kitenzi cha ujumbe wa kufuta hakibadiliki, jina lolote liingialo. Katika Kiswahili faili limefutwa, picha imefutwa, waraka umefutwa, kitabu kimefutwa. (Na wapo wasemao *faili imefutwa*, wala hawajakosea kwa mujibu wa mazoea yao.) Mfasiri asiye na uwezo wa kuigusa programu yenyewe hulazimika kukwepa, akaandika *Ufutaji umekamilika*. Sentensi hiyo ni sahihi, ila haisemi ni nini kilichofutwa.

Dawa ya tatizo hili haiwezi kutoka kwa mfasiri peke yake. Programu inapaswa kujua ngeli ya kila nomino inayoingia katika pengo, na maarifa hayo yamo katika kamusi na vitabu vya sarufi. Lakini sarufi na kompyuta hazikai nyumba moja. TUKI iliunganishwa na Idara ya Kiswahili mwaka 2009 kuunda TATAKI, ambayo iko Mlimani na hufundisha kwa Kiswahili. Kijitonyama hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa kompyuta anaweza kuhitimu bila kuulizwa ngeli ya *faili*, na mwanafunzi wa mofolojia anaweza kuhitimu bila kuiandikia mashine kanuni hata moja ya upatanisho wa kisarufi.