Babu Mmoja Si Ushahidi

Juma lililopita nilikuwa matangani kwa jirani yetu aliyefariki kwa saratani ya mapafu. Mzee mmoja, sigara ikimfuka vidoleni, alituambia kwamba hayo ya tumbaku kuua watu ni uzushi mtupu, kwani babu yake alivuta tangu ujanani na akaaga dunia akiwa na miaka tisini. Wengi waliafiki. Mimi nilinyamaza kwa kumstahi mzee, lakini hapa ukurasani, ndugu msomaji, sina budi kumjibu.

Huyo babu simkatai. Ila alilinganishwa na nani?

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vifo vya saratani ya mapafu viliongezeka mno Uingereza. Daktari Richard Doll, ambaye mwenyewe alikuwa mvutaji, mwanzoni alishuku lami ya barabarani na moshi wa magari. Yeye na mtaalamu wa takwimu, Austin Bradford Hill, walifanya utafiti wao katika hospitali 20 za London. Kila mgonjwa wa saratani ya mapafu alioanishwa na mgonjwa asiye na saratani, wa jinsia yake na wa umri wa kukaribiana, na wote wakaulizwa maswali yale yale. Bila ulinganifu huo, yeyote angeweza kudai kwamba kilichowaponza wale wa kwanza ni uzee tu, wala si sigara.

Matokeo yalichapishwa Septemba 1950. Kati ya wanaume 649 wenye saratani ya mapafu, wasiovuta walikuwa 2 pekee. Kati ya wenzao 649, walikuwa 27. Kwa wanawake, 60 kila upande, wasiovuta walikuwa 19 kwa 32. Naam, hata wasiougua wengi wao walivuta, hasa wanaume. Kumwona mvutaji aliyesalimika halikuwa jambo la ajabu. Ajabu ilikuwa kumpata mwanamume mgonjwa asiyevuta.

Lililonikaa moyoni zaidi ni habari ya wagonjwa waliohojiwa wakidhaniwa wana saratani hiyo, kisha ikabainika kwamba hawana. Uvutaji wao ulifanana na wa wale wasiougua. Basi haikuwa kwamba wahoji waliandika walichotaka kukisikia.

Doll aliacha sigara hata kabla utafiti haujakamilika. Mzee wetu naye aliwasha ya pili kabla chai haijaletwa.