Kifusi cha Nyumba Kuukuu Chafaa Badala ya Mchanga

Mchanga mwingi unaojengea majumba ya Nairobi hutoka katika mito ya Ukambani, yaani Machakos, Makueni na Kitui. Mingi ya mito hiyo haina maji juu ila wakati wa mvua. Lakini chini ya mchanga maji hukaa, na wakati wa kiangazi watu huchimba visima humo wapate maji yao na ya ng'ombe wao. Mchanga ukichotwa mpaka mwamba ukaonekana, maji ya mvua hupita mbio, na kisima hakipatikani tena. Kwa sababu hiyo Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuuhifadhi mchanga mwaka 2015.

Huku mjini, nyumba kuukuu ivunjwapo, vipande vya zege na matofali mara nyingi hupakiwa katika malori na kwenda kutupwa. Ni mali hiyo. Wajerumani, ambao miji yao ilibomolewa katika vita vilivyokwisha mwaka 1945, walisaga kifusi cha matofali, na kwa kifusi hicho nyumba nyingi zikajengwa upya.

Kwanza huondolewa mbao, udongo, vioo, na hasa jasi ya dari, kwani jasi hulifanya zege livimbe na kupasuka. Kisha vipande husagwa na kuchekechwa kwa wavu wa matundu ya milimita 5. Kwa nyundo yawezekana, ila kazi yake huchosha sana. Penye kifusi kingi haifai ila mashine.

Maji ndiyo yanayowaponza mafundi. Chembe za zege la zamani zimegandwa na simiti kuukuu, nayo hunywa maji kuliko mchanga wa mto. Fundi aonapo mchanganyiko umekauka huongeza maji kwa kukisia, na zege lake huwa dhaifu. Afadhali kifusi kilowekwe tangu jana yake, kichujwe maji, ndipo kichanganywe.

Kwa kipimo cha simiti 1, mchanga 2 na kokoto 4, mwenye madebe 4 ya simiti hutaka mchanga madebe 8. Hapo madebe 2 yawe ya kifusi na 6 ya mchanga wa mto. Zege hilo lafaa kwa sakafu, vijia na matofali ya ukuta wa ua. Nguzo na mihimili ya ghorofa isijaribiwe mpaka mhandisi apime vipande vya majaribio, ambavyo kwa desturi huvunjwa siku ya 28. Wala sakafu isiachwe ikauke upesi juani. Imwagiwe maji kila siku kwa muda wa juma moja angalau.