CD za filamu za zamani: Usihukumu picha kwa kava

WAFANYABIASHARA wengi wa miji ya barabara kuu, Makambako ikiwamo, waliwahi kuuza CD na DVD za filamu. Mzigo ulichukuliwa kwa jumla Kariakoo, ukapandishwa basi la Mbeya au la Songea, na ukifika njia panda unauzwa dukani, mezani na mkononi kwa abiria wanaochungulia dirishani. Leo mteja anaangalia filamu kwenye simu, kwenye kisimbuzi au anawekewa kwenye flash. Katoni iliyobaki nyuma ya duka inakula vumbi.

Je, itupwe? Kabla mwenye duka hajaamua, ni vizuri ausikilize ubishi wa watu ambao bado wanazitafuta CD hizo. Mmoja anataka nakala ya kwanza, yenye kava lake na jina la msambazaji wake, hata kama picha ina chenga. Mwingine hajali kava, anachotaka ni picha safi. Kila mmoja anamwona mwenzake hajui kitu. Ukweli ni kwamba kwa filamu zetu za Bongo wote wawili mara nyingi wanatafuta CD ileile, na sababu yake iko kwenye hesabu.

Picha ya VCD ina nukta 352 kwa 288, yaani kama laki moja. Ya DVD ina 720 kwa 576, ambazo ni zaidi ya laki nne. Kwa hiyo DVD ina uwezo wa kuonyesha mara nne ya VCD. Blu-ray inafika nukta milioni mbili. Hapo ndipo mteja anapodanganyika. Mtu akichukua VCD akaihamishia kwenye DVD, kisha akaandika HD juu ya kava, nukta zinabaki laki moja zilezile. Ni sawa na kumwaga debe moja la mahindi kwenye gunia kubwa. Gunia ni kubwa, mahindi ni debe.

Halafu kuna DVD za filamu kumi au kumi na mbili kwa pamoja. Mkulima wa viazi wa Njombe anaijua lumbesa, gunia linalojazwa na kushonewa kilemba mpaka linapita kilo 100, na anajua nani anaumia. Kwenye DVD hizi anayeumia ni mtazamaji, ingawa anadhani amepata bei ya kutupa. DVD ya kawaida ya upande mmoja inabeba GB 4.7. Filamu moja ya dakika 90 ikipewa nafasi hiyo yote, inatoka vizuri. Ukizibana kumi, kila moja inapata chini ya MB 500. Filamu hiyohiyo kwenye VCD, ambayo kwa kawaida iligawanywa kwenye CD mbili kwa sababu moja haibebi zaidi ya dakika 80 hivi, ilikuwa inachukua zaidi ya MB 900. Maana yake DVD ya filamu kumi inaweza kuipa kila filamu nusu tu ya nafasi iliyokuwa nayo kwenye VCD ya kizamani. Ndiyo maana mtu akikimbia kwenye skrini uso wake unageuka vipande vya mraba.

Nje ya nchi ubishi huu umekuwa biashara kamili. Kampuni ya Criterion ya Marekani ilianza mwaka 1984 kutoa filamu za zamani katika matoleo maalumu, na Uingereza wapo Arrow. Wanatafuta mkanda asilia wa sinema, wanaupiga picha upya kwa mitambo ya kisasa, kisha wanatoa Blu-ray kwenye boksi la kuvutia, nyingine kwa idadi maalumu tu. Wanunuzi wanagombana kuhusu rangi, na kuhusu punje ndogondogo za filamu: zibaki au zisafishwe? Zikisafishwa kupita kiasi nyuso zinakuwa kama nta. Mwandishi wa makala haya yuko upande wa punje.

Lakini hilo linawezekana kwa sababu mkanda wa sinema wa milimita 35 una picha nyingi kuliko zilizowahi kuonekana kwenye TV. Tanzania nako zipo filamu za namna hiyo. Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, kwa mfano, ilipigwa kwa mkanda wa milimita 16. Filamu za Bongo zilizoanza kushika soko baada ya Girlfriend ya George Tyson, mwaka 2003, nyingi zilipigwa kwa kamera za video. Kanda ndogo za dijitali za wakati ule zilikuwa na nukta 720 kwa 576, ukubwa uleule wa DVD. Hakuna picha kubwa zaidi iliyojificha mahali ikisubiri mtambo wa kisasa. Kama mtayarishaji hakuitunza kanda mama, basi DVD iliyotoka kwa msambazaji ndiyo picha bora ya filamu hiyo iliyobaki duniani. Fikiria Dar 2 Lagos ya mwaka 2006 aliyocheza Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 7, 2012. Anayeitaka kwa picha nzuri hana budi kutafuta DVD ya zamani.

Nakala halisi inajulikanaje? Wengi hugeuza CD na kutazama rangi ya mgongo. Iliyochapwa kiwandani hung'aa fedha. Iliyochomwa kwenye kompyuta huwa na rangi ya zambarau, bluu au kijani kwa mbali. Kipimo hiki kinasaidia ila hakitoshi. Msambazaji mdogo angeweza kuchoma nakala zake halali, na maharamia wenye mtaji nao walichapa kiwandani. Kipimo kingine ni stempu ya kodi ya TRA, iliyoanza kubandikwa kwenye kazi za filamu na muziki mwaka 2013. CD ya mwaka 2008 isiyo na stempu si lazima iwe feki, kwa kuwa stempu ilikuwa haijaanza. Filamu iliyotoka mwaka 2014 bila stempu, hiyo itilie shaka.

Kanda za Lufufu ni habari tofauti. Derek Mukandala, kwa jina hilo la Lufufu, alikuwa akitafsiri filamu za nje kwa Kiswahili kwa sauti yake mwenyewe, akieleza, akitania na kuongeza chumvi. Uganda kazi hiyo hufanywa na wanaoitwa ma-VJ. Filamu yenyewe unaweza kuipata leo ikiwa safi kuliko alivyoiona Lufufu, lakini sauti yake haimo. Kanda ya VHS ina mistari kama 240 tu ya picha, na kila inaponakiliwa kwenda kanda nyingine inapoteza kidogo. Mwenye kanda iliyo karibu na ile ya kwanza ana kitu ambacho hakuna kampuni ya Ulaya itakayokitoa upya. Hapo namwunga mkono anayependa nakala ya zamani, chenga zake zote.

Kutunza hakuhitaji mtaji mkubwa. Makambako ni mji wa upepo, na vumbi la kiangazi huingia hata kwenye boksi lililofungwa vibaya. CD zisimamishwe kama vitabu, kila moja kwenye kasha lake, mbali na dirisha, maana zile za kuchomwa huharibiwa na mwanga. Kanda zisiwekwe sakafuni wakati wa masika, zitaota ukungu. Anayetaka kuhifadhi kwenye kompyuta anakili CD nzima kama ilivyo, asiibane upya ili iwe ndogo.

Kuhifadhi si ruhusa ya kuuza, hata hivyo. Kuzidurufu filamu za watu na kuziuza bila idhini ya mwenye haki ni kosa kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA, hata kama muuzaji anaziweka kwenye flash za wateja tu.

Kazi ambayo mwenye duka anaweza kuifanya kwa amani ni ya kanda ambazo familia zenyewe zilirekodi: harusi, kipaimara, mazishi ya babu. Nyingi zimo kabatini kwenye VHS na deki ya kuzichezea haipo. Kiwanda kikubwa cha mwisho kutengeneza deki hizo, Funai cha Japani, kilisimamisha kazi Julai 2016. Anayeanza atafute deki iliyotumika inayofanya kazi, kifaa cha kuiunganisha na kompyuta, na diski ya kuhifadhia. Kanda yenye ukungu isiingizwe kwenye deki kabla ya kusafishwa. Ukungu hushika kichwa cha deki na kuhamia kwenye kanda ya mteja anayefuata.